Kengele ya ukungu wa oili inatripu injini kila mara: tukate waya?

Swali: "Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi wa zamu kwenye kituo cha umeme hapa pwani ya Kenya. Injini zetu ni za mipigo minne, za V, silinda 18, na zinatumia mafuta mazito. Moja imekuwa ikitripu, yaani kujizima yenyewe, kwa kengele ya ukungu wa oili, hasa ikiwashwa asubuhi baada ya kulala, na imezidi tangu masika yaanze. Kifaa chetu ni kile cha kunyonya: kichwa kimoja cha kupimia, na mabomba yanatoka kila chumba cha kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Tukifuta vioo vya kichwa hicho na kuwasha tena, inakubali. Bosi anataka tuchomoe waya unaozima injini, tubaki na kengele tu. Inaruhusiwa? Nitajuaje kama kengele ni ya kweli? Na kwa kuwa tuna vipimo vya joto la beringi, si vinatosha?"

Jibu:

Ndugu fundi, msiuguse huo waya. Lakini kuna jambo kwenye swali lako linalonitia wasiwasi kuliko waya wenyewe: mnafuta vioo na kuwasha tena. Hukusema mnangoja dakika ngapi, wala kama kuna mtu anayefungua mifuniko na kukagua ndani kabla injini haijarudi kazini. Injini iliyotripu kwa ukungu, kisha ikawashwa bila mtu kujua ilitripu kwa nini, haina ulinzi zaidi ya ile iliyokatwa waya. Tofauti ni kwamba kwenye kitabu cha zamu inaonekana iko salama.

Tuanze na kile kinachoonwa na kifaa hicho. Injini ikizunguka, kasha la kranki limejaa oili inayorushwa huku na huku, lakini hayo ni matone makubwa. Yanaanguka upesi na hayawaki kirahisi. Ukungu ni kitu kingine. Beringi ikikosa oili, au pistoni ikianza kukwaruza laina (ukuta wa ndani wa silinda), chuma kinapata joto. Kikipita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, oili inayokigusa inageuka mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa isiyo na joto kali ndani ya kasha, unarudi kuwa vitone vidogo mno, vya maikroni chache, vyeupe kama moshi, navyo haviangukii chini bali vinaelea. Vikifika kiasi cha miligramu 50 hivi katika lita moja ya hewa, mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Wala hauhitaji kiberiti kutoka nje, kwa sababu pale penye joto palipoutengeneza bado papo, na panazidi kuwaka moto.

Kanuni za IACS, umoja wa mashirika yanayoainisha meli, zinataka kengele ilie kabla ukungu haujavuka asilimia 5 ya kiwango hicho cha mlipuko, yaani kama miligramu 2.5 kwa lita. Bosi wako akisikia asilimia 5 atasema nafasi bado ni kubwa. Kwa uzito wa ukungu ni kubwa kweli. Kwa muda si kubwa. Beringi ya injini inayokwenda mizunguko 500 au 600 kwa dakika ikishaanza kuyeyuka metali yake nyeupe, yaani tabaka laini la ndani, kutoka kengele hadi hatari ni suala la dakika, pengine pungufu ya hapo. Opereta akisikia kengele, akasoma skrini, akampigia msimamizi simu na kujibiwa "ngoja nije nione", muda huo umekwisha. Ndiyo maana kwenye injini kama zenu, ambazo pistoni inaning'inia moja kwa moja juu ya kasha la kranki, kanuni zinataka ukungu uzime injini wenyewe. Wasomaji walio melini wameona kwamba injini zao kubwa za mipigo miwili hupunguza mwendo tu. Hizo zina ukuta kati ya silinda na kasha la kranki, mwendo wake ni wa pole, na meli iliyozimikiwa ghafla katika mlango mwembamba wa bandari ina hatari ya aina nyingine. Nyinyi mkizimikiwa, mnapoteza megawati. Gridi italalamika, lakini haizami.

Mlipuko wenyewe huja mara mbili. Wa kwanza mara nyingi si mkubwa: unafungua valvu za usalama za kasha au kung'oa mfuniko mmoja, na miali inatoka. Baada yake gesi zinapoa, ndani ya kasha kunabaki upungufu wa hewa, na hewa safi inavutwa kuingia kupitia uwazi uliobaki. Ikichanganyika na ukungu ambao haukuungua, unakuja mlipuko wa pili, na huo ndio unaoua. Mwaka 1947 meli ya abiria ya Uingereza, Reina del Pacifico, ilikuwa kwenye majaribio baharini nje ya Belfast baada ya matengenezo, makasha ya kranki ya injini zake yakalipuka na watu 28 wakafa. Ajali hiyo hutajwa mpaka leo kila zinapofundishwa kanuni za valvu za kasha na vipima ukungu.

Kengele ikilia

Watu wote waondoke ubavuni mwa injini, hasa upande wenye mifuniko na valvu za usalama, na wasipite hapo hata kwa kukimbilia mlango. Kama haijajizima, izimwe kutoka chumba cha uongozi, si kwa mtu kwenda kushika lever ya mafuta pembeni ya injini. Ukumbi wa injini ubaki bila watu, na vifaa vya kuzimia moto viwe tayari. Maji ya kupoza yaendelee kuzunguka. Pampu ya oili ya kabla ya kuwasha ifuate kitabu cha mtengenezaji wa injini yenu, kwa sababu si wote wanasema jambo moja.

Kisha mngoje. Watengenezaji wengi wanataka muda usiopungua dakika 20 tangu injini isimame kabla ya mfuniko wowote kuguswa, na mimi naichukua 20 kama ndiyo kidogo kabisa. Kwa injini ya ukubwa wenu, nusu saa haimdhuru mtu. Sababu ni ileile ya mlipuko wa pili: ndani inaweza kuwa na ukungu mwingi usio na hewa ya kutosha kuwaka, na mfuniko mnaoufungua ndio unaoleta hewa iliyokosekana. Mfuniko wenyewe unapaswa kuwa na bango la onyo hilo. Kama kwenu limepakwa rangi juu au limetoka, lirudisheni leo.

Mkishangoja, fungeni hewa ya kuwashia na kutoa ile iliyobaki kwenye bomba, wekeni kufuli na lebo, fungueni koki za indiketa (zinazotoa shinikizo la silinda), kisha ingizeni gia ya kuzungushia injini. Fungueni mifuniko ya upande mmoja, ya chini kwanza, mkisimama pembeni na si mbele ya uwazi. Taa ziwe zile zisizotoa cheche. Kipimajoto cha miale ya infraredi kinasaidia, lakini usitafute namba fulani. Linganisha chumba kwa chumba. Beringi moja ya bigi endi (ncha ya konrodi inayoshika kranki) iliyo juu ya wenzake kwa nyuzi kumi baada ya nusu saa inasema zaidi kuliko joto lolote peke yake. Kumbuka kwamba kwenye V kila pini ya kranki inabeba konrodi mbili, kwa hiyo usihesabu moja ukadhani umemaliza chumba.

Baada ya beringi kuu na bigi endi, tazama sketi za pistoni na sehemu ya chini ya laina kwa kurunzi na kioo. Mistari iliyosimama inayong'aa, au rangi ya bluu na kahawia, ni dalili ya kukwaruzana. Usiishie kwenye kranki. Watu husahau beringi za shafti ya kemu, gia za kuendesha kemu, gia ya pampu zilizofungwa kwenye injini, na dampa ya mtetemo huko mbele. Vyote hivyo vinapata oili, na vyote vinaweza kupata joto. Chini ya kasha na kwenye filta tafuta vipande vya metali nyeupe. Fungua pia filta ya kuzunguka kwa kasi na uikate keki yake kwa kisu. Metali ndogo hujificha humo. Mwisho, washa pampu ya oili na kuizungusha injini polepole kwa gia, huku mkitazama oili inavyomwagika kutoka kila beringi. Inayomwaga nyingi kuliko wenzake imelegea. Inayodondosha kidogo imeziba au shell yake imehama. Soma na ampea za mota ya gia: zikipanda mahali palepale kila mzunguko, kuna kitu kinakamata.

Ukikagua hivyo usipate kitu, ndipo una haki ya kuanza kukishuku kifaa.

Kweli au uongo

Kifaa chenu hupima kwa kupitisha mwanga katikati ya vioo, na hakijui oili ni nini. Kinajua tu kwamba mwanga umezuiwa. Unaweza kuzuiwa na ukungu wa oili, mvuke wa maji, moshi wa mwako uliopita kwenye ringi za pistoni, au uchafu kwenye vioo, na kila kimoja kina mwenendo wake ukiusoma kwenye rekodi. Ndiyo maana nakusihi uanze na mchoro wa namba, si na kitambaa cha kufutia.

Ukungu wa kweli hupanda haraka, kwa kawaida katika chumba kimoja, injini ikiwa na mzigo. Ukishazima, unashuka polepole kadiri kasha linavyopoa. Uchafu wa vioo hauna haraka: namba ya msingi inapanda kidogo kila siku kwa majuma, na injini ikisimama haishuki, kwa sababu uchafu hauondoki kwa kuzima injini. Gesi ya ringi huinua vyumba kadhaa pamoja na hufuatana na mzigo. Hiyo ipimeni kwa manometa ya maji kwenye kasha: injini nyingi za namna hii hazitakiwi kuzidi kama milimita 30 za maji, nanyi mnayo namba ya siku ilipokabidhiwa, linganisheni. Shinikizo likiwa limepanda huku filta ya bomba la kupumulia ni safi, tatizo liko kwenye ringi, laina au sili za tabochaja, na kifaa kimewaambia kweli ingawa si kile kilichokusudiwa.

Maji ndiyo ninayoyashuku kwenu. Injini iliyolala usiku kucha, hewa ya pwani iliyojaa unyevu, masika, na kengele asubuhi inayotoweka injini ikishapata joto: huo ni mwenendo wa mvuke wa maji unaogeuka matone kwenye kasha na kwenye mabomba ya kunyonya yaliyo baridi. Lakini usiniamini kabla ya kujibu swali la pili, nalo ni hili: maji hayo yametoka hewani au yametoka ndani ya injini? Chukua sampuli ya oili pampu ikizunguka. Jaribio la haraka ni kudondosha tone kwenye bamba lenye joto la nyuzi 150 hivi. Likitoa sauti ya kukaanga, lina maji. Kisha pelekeni maabara. Kikomo cha kawaida ni asilimia 0.2 au 0.3 kutegemea mtengenezaji. Kama oili ina maji, fungueni mifuniko injini ikiwa imepoa, wekeni shinikizo kwenye maji ya jaketi na kutazama chini ya kila laina. Oringi ya laina iliyochoka hutoa tone moja moja ambalo injini ikiwa na joto linageuka mvuke bila mtu kuliona. Angalieni na kipoza oili, na vichwa vya silinda.

Oili ikiwa kavu, maji yanatoka hewani, na tiba yake si kifaa bali namna mnavyoilaza injini. Maji ya kupoza yawekwe joto la nyuzi 60 hadi 70 muda wote injini iko tayari kuwashwa, si nusu saa kabla. Separeta ya oili isizimwe injini ikilala. Iendelee, kwa joto la nyuzi 90 hadi 95. Mtego wa maji kwenye bomba la kupumulia ufunguliwe kila zamu. Bomba hilo liende nje peke yake. Nimetaja hilo kwa sababu kuna vituo vinavyounganisha mabomba ya kupumulia ya injini mbili ili kuokoa chuma, na kanuni zinakataza: mvuke wa injini inayofanya kazi unaingia kwenye ile iliyolala, na siku ya mlipuko moto hupita njia hiyohiyo. Kama mna feni ya kuvuta mvuke kutoka kasha la kranki, uvutaji wake usizidi milibari 2.5, maana ukizidi unaingiza hewa safi kule kusikotakiwa.

Kifaa chenyewe

Kichwa cha kunyonya huendeshwa na hewa iliyobanwa inayopita kwenye ejekta na kutengeneza uvutaji mdogo. Modeli nyingi zinataka uvutaji wa milimita 60 hadi 80 za maji, unaopimwa kwa bomba la U kwenye kichwa chenyewe. Namba kamili iko kwenye kitabu cha modeli yenu. Uvutaji ukiwa mdogo, sampuli inachelewa au haifiki kabisa, na kifaa kinakaa kimya injini ikiungua. Ukiwa mkubwa, unavuta matone ya oili hadi kwenye vioo, na mnapata hasa kile mnacholalamikia. Fundi akiongeza shinikizo la hewa "ili kivute vizuri", ameongeza kengele za uongo kwa mkono wake. Pimeni kwa bomba la U kila mwezi na baada ya kila mguso kwenye regyuleta. Msikisie kwa geji ya hewa.

Hewa ya kuendeshea iwe kavu na safi. Kwenye pwani yetu, kompresa isiyo na kikausha hutoa maji kwa vikombe. Weka filta yenye kikombe kabla ya regyuleta na uimwage kila siku. Vioo husafishwa kwa pamba laini na dawa ya vioo. Si petroli, si dizeli, si thina, na wala si hewa ya bomba la karakana, ambayo yenyewe imebeba oili. Vifilta vidogo vya shaba vinavyopitisha hewa safi ya kukinga vioo vibadilishwe kwa ratiba. Vikiziba, kinga ya vioo inakufa na mtakuwa mnafuta vioo kila wiki bila kujua kwa nini. Kama mnafuta mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema, angalieni hapo kwanza, kisha uvutaji.

Mabomba ya sampuli yashuke kuelekea injini kwa urefu wake wote, yasiwe na tumbo linalokusanya oili na maji. Tumbo dogo la sentimita tano linatosha kufunga chumba kizima, na kifaa kitaonyesha chumba hicho ni kisafi kuliko vyote. Ukiona chumba ambacho namba yake haibadiliki kamwe, kishuku. Midomo ya kunyonya ndani ya kasha isielekee oili inayorushwa na kranki. Baada ya matengenezo makubwa mara nyingi hurudishwa kinyume. Mkipuliza mabomba kwa hewa, yatengeni na kichwa kwanza, la sivyo takataka zote zinahamia kwenye vioo. Na tafuteni swichi ya unyeti ndani ya kichwa: katika injini inayotripu mno, karibu kila mara kuna mtu aliyeigusa. Irudisheni mahali alipoiweka mtengenezaji, kisha mtatue sababu.

Jaribio ni la moshi, kwa kifaa cha moshi cha mtengenezaji, likifanywa kutoka kwenye mdomo wa bomba la chumba na si kwenye kichwa peke yake, ili bomba nalo lijaribiwe. Hesabu sekunde kutoka moshi hadi kengele na uziandike. Mwaka ujao zikiwa mara mbili, bomba limeanza kuziba. Angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa kusimamisha kulikopangwa, acheni jaribio lifike mwisho: injini izime kweli, reki za pampu za mafuta zirudi sifuri. Kuna vituo ambako kengele hujaribiwa kila mwezi na relei ya kuzimia haijawahi kuguswa tangu kiwanda kijengwe. Kuhusu kifaa cha kununua, kama mna bajeti, mimi napendelea aina yenye kihisi kwenye kila chumba. Haina mabomba ya kuziba, haicheleweshi sampuli, na inakuambia chumba gani bila kutafuta. Bei ni kubwa na vihisi ni vingi vya kusafisha, lakini kwa silinda 18 hesabu inalipa.

Sasa joto la beringi. Kanuni ya 47 ya SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini), Sura ya II-1, kwa meli ambazo chumba cha injini hukaa bila mtu, inadai injini za kilowati 2,250 au zaidi, au zenye silinda ya kipenyo kinachozidi milimita 300, ziwe na kipima ukungu au vipimo vya joto la beringi au kifaa kingine kinacholingana. Bosi wako anaweza kushika hapo kwenye "au". SOLAS ni ya meli. Nyinyi mko chini ya masharti ya mtengenezaji, bima, na sheria ya usalama kazini ya Kenya ya mwaka 2007, na sidhani kuna bima itakayolipa kwa ulinzi uliokatwa kwa makusudi. Lakini hata tukiacha sheria, kihisi cha joto kinaona beringi kuu iliyo mbele yake tu. Pistoni inayokwama haioni. Gia ya kemu haioni, wala bigi endi, isipokuwa mna vihisi vinavyopima oili inayorushwa kutoka kwake. Vipimo vya joto huonya mapema pale vilipowekwa, na ukungu huonya kuhusu kila kitu kilicho ndani ya kasha. Vinakwenda pamoja.

Na valvu za usalama za kasha, ambazo hamkuziuliza, zikagueni kwa sababu ndizo zitakazobaki vingine vikishindwa. Kwa silinda ya kipenyo kinachozidi milimita 300, kanuni za IACS zinataka valvu isiyopungua moja kwa kila kiwiko cha kranki, kwa hiyo V ya silinda 18 yenye viwiko tisa inahitaji tisa. Eneo la wazi la kila moja lisipungue sentimita za mraba 45, na jumla isipungue sentimita za mraba 115 kwa kila mita ya ujazo ya kasha. Tuseme kasha lina mita 12 za ujazo: 12 mara 115 ni sentimita za mraba 1,380 kwa valvu zote pamoja. Zifunguke kabla shinikizo halijapita 0.2 ya bari, na zijifunge mara moja ili hewa isirudi. Angalia kama springi haijashika kutu, oringi haijakauka, na wavu wa kuzuia miali haujabonyea wala kuzibwa kwa rangi. Wapaka rangi huzipenda sana valvu hizi. Iliyopakwa rangi kwenye ukingo ihesabuni kuwa haifanyi kazi mpaka ifunguliwe na kusafishwa.

Ukiwa hapo, angalia pia kwamba kinga nyingine hazikukatwa kimyakimya wakati wa vurugu hizi za kutripu: shinikizo la chini la oili, joto la juu la maji, na ile ya kuzuia mwendo kasi, ambayo kwa injini za jenereta haitakiwi kuruhusu kupita asilimia 115 ya mwendo wa kawaida. Aliyezoea kukata moja hukata na ya pili.

Kama kichwa kimekufa kweli na vipuri vinangojwa, njia bora ni kuilaza injini hiyo na kuziendesha nyingine. Au chukueni kichwa cha injini iliyo kwenye matengenezo, mkihakikisha modeli na mpangilio wa swichi ni uleule. Ikilazimu iendeshwe bila ulinzi huo, iwe kwa idhini iliyoandikwa na kutiwa saini na mwenye mamlaka, yenye siku ya mwisho, mzigo umeshushwa, vikomo vya joto la beringi vimeshushwa karibu na joto la kawaida la kila siku, na eneo la ubavu wa injini limezungushiwa kamba asipite mtu. Ikikosekana saini hiyo, injini isiwashwe.

Kwa wiki hii, fanya hivi: pima uvutaji kwa bomba la U kabla ya kugusa chochote, uandike namba. Chukua sampuli ya oili. Acha joto la maji likae nyuzi 65 usiku tatu mfululizo. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha na kila dakika tano kwa nusu saa ya kwanza, andika namba ya ukungu, shinikizo la kasha, na joto la kila beringi kuu. Kama asubuhi zote tatu namba ya ukungu imekaa chini na oili imetoka maabara ikiwa kavu, basi unyevu ulikuwa wa hewa. Ikipanda tena, hasa ikipanda mzigo ukiongezeka badala ya kushuka, zima, ngoja nusu saa, ufungue mifuniko. Na usifute vioo kabla ya kuvipiga picha.